Wanawake Sita Mbele ya Basi

Maktaba ya Jiji, chumba cha chini
4 Machi

Dada,

Simu zangu hupokei tangu msiba wa mama, huu mwaka wa tatu. Basi nakuandikia. Karatasi huwezi kuikatia.

Huenda umesikia kwamba nimepata kazi. Mwalimu mstaafu hatupwi hovyo kama wengine wanavyopenda. Jiji linatimiza miaka mia moja, imeundwa kamati ya maadhimisho, na kamati imenikabidhi picha na magazeti ya zamani ili niandike maelezo ya kila picha itakayotundikwa kwenye maonyesho. Nakaa chini ya maktaba, chumba kisicho na dirisha, kati ya masanduku ya picha na magazeti yaliyojalidiwa mwaka kwa mwaka, mazito kama matofali. Nimejifunza mengi. Kumbe pale penye benki kubwa palikuwa gereji ya mabasi. Kumbe chini ya barabara ya mahakama kuna mto. Waliufunika kwa zege wakausahau. Mambo hayo yanataka mtu aliyesoma, na nimefurahi kwamba wameliona hilo.

Sasa sababu ya kukuandikia. Kamati ilitangaza redioni kwamba wananchi walete kumbukumbu zao. Wiki iliyopita ikaja mezani kwangu karatasi yenye jina lako, inayosema kwamba ulikuwa dereva wa basi la jiji, njia namba saba, mwanamke wa kwanza kushika usukani wa basi katika mji huu.

Dada, hayo tulikuwa tunayachekea nyumbani. Tulikuita "Dereva" kama mtu mfupi anavyoitwa "Mrefu". Mimi wakati ule nilikuwa chuo cha ualimu, mbali. Mama na baba hawakuwahi kukanyaga jijini. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuona kwenye basi, na uliporudi nyumbani ulirudi na mtoto mchanga, si na leseni. Utani wa nyumbani uishie nyumbani. Usiulete ofisini kwangu.

Kwa bahati mbaya yako, picha ipo. Wanawake sita wamesimama mbele ya basi, sare zimenyooka, kofia zimekaa sawa. Gazeti liliichapa ukurasa wa kwanza: "Wanawake wa kwanza kuendesha mabasi ya jiji." Nimewaangalia mmoja mmoja. Wewe humo. Wa tatu kutoka kushoto ndiye Mwenyekiti wa kamati yetu leo, mama wa heshima, mjane, ambaye hajawahi kunitajia jina lako.

Karatasi yako nimeiweka kando. Nakuomba usitume nyingine. Mimi nina jina la kulinda.

Ndugu yako,
Mwalimu


15 Machi

Mwalimu,

Barua yako haina shikamoo. Umefundisha watoto wa watu adabu mpaka ukastaafu, na dada yako mkubwa unamwandikia "Dada" halafu koma. Nimeisoma nikiwa nimesimama, maana sikuona sababu ya kuivutia kiti.

Ile karatasi sikuituma mimi. Aliituma binti yangu baada ya kusikia tangazo, akaniambia ilipokwisha kuondoka. Nilimgombeza. Nilijua itaangukia mezani kwa mtu kama wewe. Sikujua tu kwamba atakuwa wewe mwenyewe.

Kuhusu picha yako. Wale sita si madereva. Wanne walikuwa wapiga taipu wa ofisi ya manispaa, mmoja opereta wa simu, na mmoja mpwa wa meneja wa mabasi ambaye hakuwa na kazi yoyote duniani. Sare walivalishwa asubuhi ile. Mbili zilikuwa zangu, nyingine za makondakta wanaume, zikabanwa kwa pini zisipwaye. Basi nililitoa gereji mimi, nikalileta mpaka mbele ya posta kwa sababu meneja alitaka nguzo zake zionekane. Mpiga picha akasema, "Dereva ashuke." Meneja akasema, "Hapana, akishuka watu watamwona. Ainame." Nikainama chini ya usukani mpaka walipomaliza. Huyo wako wa tatu kutoka kushoto aliogopa hata ngazi ya basi. Alishikwa mkono.

Kwa nini hawakutaka nionekane, walikuwa na sababu zao. Hazikukuhusu wakati ule na hazikuhusu sasa.

Endelea na kazi yako. Mji huo umejaa watu wanaosoma kilichoandikwa chini ya picha na hawajui kuiangalia picha yenyewe. Umefika mahali pako.

Dada yako mkubwa


Maktaba ya Jiji
29 Machi

Dada, shikamoo. (Nimeiandika ili usipate cha kusema.)

Nimeiangalia picha kwa kioo cha kukuzia, si kwa sababu nakuamini, bali kwa sababu kazi yangu ni uhakika. Kweli, wa pili kutoka kulia ana pini kwenye mkono wa koti. Pini si ushahidi. Hata mimi niliolea suti iliyobanwa pini. Nimetafuta na negativu, filamu ya awali ya picha, ambayo ni pana kuliko kilichochapwa gazetini. Pembeni, kwenye dirisha la dereva, pale gazeti lilipokata, kuna kiwiko. Kiwiko tu, na ukingo wa kofia. Kinaweza kuwa cha mtu yeyote. Nadhani ni cha fundi.

Nilimuuliza Mwenyekiti mwenyewe. Alinikaribisha chai nyumbani kwake, sebule yenye makochi meupe ambayo mtu anaogopa kuyakalia. Alicheka vizuri sana. Akasema, "Mwalimu, picha ile imenitosha maisha yangu yote. Niliendesha mpaka nilipoolewa." Nikamuuliza kama anamkumbuka dereva mwenye jina lako. Akasema, "Mji huu ni mkubwa." Basi.

Sasa kuna jambo lingine. Mke wangu amefariki siku nyingi. Mwenyekiti na mimi tumezoeana. Tunazungumza mambo ya historia, na ananisikiliza. Nimekusudia kumposa. Watu wa kwao ni watu wa taratibu, hawampokei mwanaume anayekuja peke yake kama anayekuja kuulizia chumba cha kupanga. Wazee wetu wamekwisha. Mkubwa aliyebaki ni wewe. Nakuomba uje, uvae vizuri, useme maneno mawili ya heshima, na usitaje mabasi.

Mdogo wako,
Mwalimu


10 Aprili

Mwalimu,

Umenitukana kwa barua mbili, kisha chini kabisa, baada ya kiwiko, unaniomba nikakuposee. Nimemsomea binti yangu, amecheka mpaka akashika ukuta.

Kiwiko umekiona, ukampa fundi. Asingekuwepo fundi ungempa hata mpita njia, ilimradi kisiwe changu.

Lakini sikiliza. Nitakuja. Nitavaa vizuri kuliko unavyostahili, na maneno ya heshima nitasema hata kumi. Kwanza andika upya maelezo ya picha ile. Sema hao sita ni nani, na aliyeinama dirishani ni nani, kisha uyatundike watu wayasome. Ukishayatundika nipe habari, nitapanda basi siku hiyohiyo. Kama mwanamke huyo atakuwa bado anakutaka, basi ni mwanamke mwema, nami nitakuposea bila kinyongo.

Kama huwezi, baki na makochi meupe. Kaa pembeni, usiyachafue.

Dada yako


Maktaba ya Jiji
2 Mei

Dada, shikamoo.

Nilianza kufungua magazeti ya mwaka ule ukurasa kwa ukurasa nikitaka kukuonyesha kwamba humo popote. Nimeona mambo ambayo sikuyatafuta.

Jiji hili tangu zamani linapiga picha za kile lisichonacho. Kuna picha ya meya akifungua bomba la kwanza la maji, watoto wanapiga makofi. Kwenye negativu, nyuma ya ukuta, kuna mtu amesimama juu ya kiti anamimina ndoo ya maji ndani ya mpira wa bomba. Kuna wodi mpya ya hospitali, mashuka meupe, wauguzi wamejipanga. Gazeti la mwezi uliofuata linalalamika kwamba vitanda vimerudishwa hotelini. Kuna mtaa mzima uliovunjwa kupisha barabara. Gazeti liliandika "Uchafu waondolewa", na kwenye picha uchafu wenyewe umesimama kando ya njia, una magodoro kichwani na watoto mgongoni. Chini ya picha zote hizo mimi nilikuwa nimeshaandika maelezo mazuri.

Juzi nilifika kwenye safu ya barua za wasomaji. Nakunakilia. "Mhariri, je, shirika la mabasi limeishiwa wanaume? Jana nimepanda namba saba nikakuta usukani umeshikwa na mwanamke mwenye mimba, asiye na pete. Tunalipia basi au wodi ya wazazi?" Zikafuata nyingine kama hiyo, wiki nzima, kila mmoja anataka kumpita mwenzake kwa uchekeshaji. Halafu ikaja katuni. Mwanamke mnene aliyevaa sare, tumbo limebana honi, honi inalia, abiria wameziba masikio. Chini yake wameandika jina. Si la kubuni. Ni jina lako na la baba.

Picha ya wale sita ilitoka siku chache baada ya katuni. Nimeziweka pamoja mezani, nimekaa naziangalia. Hawakupiga picha ili kuonyesha madereva. Walipiga ili wewe usiwepo.

Dereva, sasa nakuita hivyo kwa heshima. Nimesikitika sana. Mtoto yule ni mpwa wangu, nimeelewa. Maskini dada yangu, uliyabeba hayo peke yako na sisi tunacheka.

Maelezo nitayaandika upya. Ila nimeona ni busara nimweleze kwanza Mwenyekiti, kwa upole, asishtuke.

Mdogo wako


12 Mei

Mwalimu,

Marahaba, ingawa imechelewa.

Hiyo "maskini" yako nakurudishia, na hilo jina la "Dereva" liache. Mlipolitumia kunicheka mlilichakaza. Huwezi kulipiga pasi leo ukanivisha.

Katuni naijua. Asubuhi ile niliikuta imebandikwa kwenye kioo cha mbele, upande wangu. Sikuibandua. Niliendesha nayo mpaka zamu yangu ikaisha. Kila aliyepanda aliiona, kisha akaniona mimi, kisha akatafuta pa kukaa, na nilimfikisha alikokuwa anakwenda. Walinifukuza tumbo lilipogusa usukani, si kabla. Picha ile ndiyo ilikuwa kazi yangu ya mwisho. Meneja alisema nikiinama vizuri atanitafutia nafasi nyingine ofisini. Niliinama vizuri. Nafasi sikuiona.

Unajua kinachonichukiza? Mimi nilikuambia kwa mdomo wangu, mezani kwa mama, mara nyingi kuliko nywele ulizobaki nazo. Hukuniamini. Bwana mmoja asiye na haya kanitukana gazetini, leo umeniamini. Neno la dada yako halikutosha. Tusi la mpita njia limetosha.

Na bado unataka umweleze yeye kwanza, asishtuke. Mimi alinieleza nani kwanza?

Dada yako


Ofisi ya Mwenyekiti, Kamati ya Maadhimisho
20 Mei

Ndugu yangu mpendwa,

Natumaini u mzima. Kaka yako alifika kwangu Jumapili, mfuko mmoja una katuni iliyokunjwa, mfuko wa pili una pete. Sikujua alitaka nitazame kipi kwanza. Pete nimemrudishia. Ni mtu mzuri wa kuandika maelezo, na watu wa kuniandikia maelezo ninao wa kutosha.

Nakuandikia ili tuelewane sisi wawili tuliokuwepo. Picha ile imo kwenye vitabu vya shule za mji huu. Wasichana wameiangalia wakataka kuwa madereva, wahandisi, marubani. Hawakuwa na haja ya kujua nani alikuwa na pini na nani hakuwa nayo. Leo ukiwaambia kwamba dereva wao ni mwanamke aliyefukuzwa kwa mimba isiyo na baba, utakuwa umewapa nini? Mimi nimeibeba picha hiyo kwa heshima. Nimevaa vizuri, nimesema vizuri, nimeolewa vizuri. Wewe ungeibeba namna gani?

Maelezo yatabaki yalivyo. Hata hivyo sisi si watu wabaya. Nimekuwekea kiti safu ya pili siku ya ufunguzi, na cheti cha mfanyakazi wa zamani wa shirika. Usafiri na chakula ni juu yetu.

Siku ile uliinama bila kelele. Nilikuona kupitia mlangoni, nikasema moyoni, mwanamke huyu ana akili. Nakuomba uiname tena kidogo. Ni siku moja tu.

Wako,
Mwenyekiti


28 Mei

Mwenyekiti,

Asante kwa kuandika. Kaka yangu alipekua magazeti ya mwaka mzima kunitafuta. Wewe umenikumbuka kwa mstari mmoja. Nilijua huwezi kusahau. Nilikokuwa nimeinama nilikuwa naiona miguu yako, na ilikuwa inatetemeka.

Siku ile niliinama kwa sababu nilikuwa nataka kazi. Leo sina kazi ya kulinda, na magoti yangu hayakunji vizuri. Kiti cha safu ya pili mpe mpwa wa meneja, kama bado yuko hai.

Umesema mimba isiyo na baba. Baba alikuwepo. Alikosa ujasiri tu, na wanaume wa namna hiyo mjini kwako wamejaa. Mmoja amekuletea pete.

Sitakuja. Sitaandika gazetini. Sitalia redioni. Nitakaa hapa nikikudharau, na hilo halihitaji kiti cha kuwekewa.

Dereva wa namba saba


Nyumbani kwangu
14 Juni

Dada, shikamoo.

Sina kazi tena. Nakueleza yote kwa mpangilio.

Asubuhi ya ufunguzi niliingia ukumbini kabla ya wapambaji. Maelezo ya picha ile niliyabandua, nikaweka niliyoyaandika mimi: kwamba wale sita ni wafanyakazi wa ofisi, kwamba aliyeinama dirishani ndiye dereva, na jina lako kamili. Pembeni nikatundika negativu iliyochapwa yote bila kukatwa, barua ya yule bwana, na katuni, niliyoikuza ikawa kubwa kama mlango.

Nilidhani watu watanyamaza. Walicheka. Wageni wenye suti, wake zao, mpaka kijana wa kugawa juisi. Walisoma "wodi ya wazazi" wakacheka, wakaona honi wakacheka zaidi. Dada, nilikijua kicheko kile. Ni kile cha msibani kwa mama, nilipokushika bega mbele ya waombolezaji nikasema, "Na huyu ndiye dereva wetu wa mabasi." Wewe ulichukua mkoba wako ukaondoka, na mimi niliendelea kugawa chai.

Basi nilipanda juu ya kiti. Nikasema, "Huyo mnayemcheka ni dada yangu. Aliwabeba baba zenu wakafika kazini." Nilikuwa na mengine ya kusema, nilikuwa nimeyaandaa, lakini sauti ilikatika kama ya mwanafunzi aliyesahau shairi, machozi yakatoka. Walinzi wawili walinishusha. Kufikia mchana kila nilichotundika kilikuwa kimeng'olewa, na Mwenyekiti alinitumia mtu kuniambia nirudishe ufunguo wa chumba cha chini.

Lakini mwandishi mmoja alikuwa ameshapiga picha. Naambatanisha gazeti lake. Tafadhali hili livutie kiti. Katuni wameikata chini, palipo na jina lako, na ameandika kwamba mwanamke wa kwenye katuni ni Mwenyekiti. Kwamba Mwenyekiti, dereva wetu wa kwanza, aliendesha basi akiwa na mimba, akatukanwa na mji mzima, akavumilia. Na kwamba "kaka yake, mwalimu mstaafu" alishindwa kujizuia akalia hadharani. Nimekataliwa kuwa mume, nimepewa undugu.

Na yeye hakukanusha. Alihojiwa redioni, akasema kwa sauti ya chini, "Yalikuwa maumivu makubwa. Lakini niliwasamehe." Wanawake wamempigia simu wakilia.

Wamekuibia mpaka tusi, dada. Sijui nifanye nini.

Mdogo wako


21 Juni

Mwalimu,

Gazeti nimelisoma. Miaka yote hii niliwaza kwamba mji huo hauwezi kunishangaza tena. Nilikosea.

Binti yangu naye amelisoma, mara mbili, midomo imebana. Leo asubuhi ameweka nguo kwenye begi akaenda stendi. Nimemuuliza anakwenda wapi, akasema, "Kwa mama." Sijamtuma, na sijamzuia. Akifika kwako mpe chakula na pa kulala. Usimshauri kitu.

Dada yako


Nyumbani kwangu
27 Juni

Dada, shikamoo.

Sikumshauri kitu. Alikula, akalala, asubuhi akaniambia, "Mjomba, nipeleke kwenye maonyesho." Nilimwambia mimi siruhusiwi kuingia. Akasema, "Basi simama mlangoni uangalie." Nikasimama mlangoni.

Mwenyekiti alikuwa ndani na waandishi, anawaonyesha picha ya wale sita. Mwanawe wa kwanza, ambaye ni wakili, alikuwa pembeni yake na mkewe. Waandishi walikuwa wameleta na kamera ya televisheni. Mpwa wangu akapita katikati ya watu na begi lake, akalitua sakafuni, akapiga goti.

"Shikamoo mama. Mimi ndiye yule wa tumboni. Nimekuja nyumbani."

Mwenyekiti alitabasamu kwanza, akidhani ni mmoja wa wale wanaompigia simu. "Marahaba, mwanangu. Wote ninyi ni watoto wangu."

"Hapana mama, mimi hasa. Nimezaliwa mwaka wa katuni, cheti cha kuzaliwa ninacho. Umesema redioni ulikuwa na mimba yangu ukiendesha namba saba. Nimefurahi sana. Chumba changu ni kipi?"

Waandishi wakageuka wote. Mmoja akauliza, "Mama, huyu ndiye yule mtoto?" Wakili akasema taratibu, lakini kila mtu alisikia, "Mama, kuna mtu kabla yangu? Baba alijua?"

Nilimwona anahesabu. Nilimwona kabisa, dada. Akiikubali katuni, amekubali mtoto aliyemzaa kabla ya ndoa, mbele ya mwanawe na kamera. Akaniona na mimi pale mlangoni, sijui alitaka nimsaidie nini.

"Mimi sikuwahi kuwa na mimba kabla ya ndoa," akasema.

"Lakini katuni, mama?"

"Katuni si mimi."

"Wanasema katuni ni ya dereva wa kwanza. Dereva basi ni nani?"

Akasema kwa hasira, kama anayemfokea mtumishi, "Mimi nilikuwa mpiga taipu. Sijawahi kuendesha basi hata siku moja. Mtoeni huyu mtu."

Mpwa wangu aliinuka, akapangusa goti, akabeba begi lake. "Asante mama. Nilitaka tu kujua mimi ni wa nani."

Siku iliyofuata nilinunua magazeti yote. Sahihisho limo katika moja tu, ukurasa wa kumi na nne, kati ya tangazo la matangi ya maji na la hati ya kiwanja iliyopotea. "Dereva tuliyemtaja katika toleo letu lililopita hakuwa Mwenyekiti wa Kamati. Tunaomba radhi kwa usumbufu." Wewe hawakukutaja. Picha wameitoa ukutani, wameacha msumari. Mwenyekiti amejiuzulu kwa sababu za kiafya.

Mimi nimewapigia simu ndugu wote waliokuwepo msibani, mmoja mmoja, nikawaambia kwamba dada yangu alikuwa dereva kweli na kwamba mimi ndiye niliyekuwa mjinga. Wengine walicheka tena. Binamu yetu mmoja alisema alijua siku zote. Huo ni uongo mtupu, lakini sikumbishia.

Nakuomba ruhusa ya kuja.

Mdogo wako


5 Julai

Mwalimu,

Binti yangu amerudi, amenihadithia mara tatu, na kila mara goti linapigwa chini zaidi. Nimecheka, sikatai. Kisha nimemkanya, kwa sababu mwanamke mzima hatembei na begi kwenda kutisha wazee. Hakunisikiliza. Sijui amerithi kwa nani.

Jina langu halimo gazetini, na ni afadhali. Mara ya mwisho walipoliandika uliona walichochora juu yake. Mji huo usinitafute, nami siutafuti. Wakitaka kujua nani alikuwa anawapeleka kazini, wafukue benki yao wakaulize gereji.

Wewe sijakusamehe. Bado kila nikiona mwandiko wako namwona yule mtu aliyeendelea kugawa chai. Lakini ulipanda kwenye kiti. Ulipanda vibaya, ukalia, wakakushusha kama kuku wa sokoni, ila ulipanda, na hakuna aliyekutuma.

Njoo Jumamosi. Usilete katuni, usilete pete, na usilete maelezo ya kitu chochote. Mkwe wangu ana pikapu. Nimekuwa nikizunguka nayo uwanja wa mpira tangu mwezi uliopita, na Jumanne wamenipa leseni mpya. Kijana wa ofisini aliniuliza kama nimekuja kumchukulia mjukuu. Nitakupokea stendi mimi mwenyewe. Utakaa mbele, utafunga mkanda, utanyamaza mpaka tufike. Ukitaka kuniambia nipunguze mwendo, fungua mlango ushuke utembee kwa miguu.

Dada yako mkubwa